Kuficha jina si kuiba jina

MASKATI



Nilikuwa Ruwi, nimepanga foleni ya kutuma pesa nyumbani, simu ikalia. Alikuwa dada yangu mkubwa kutoka Unguja. Siku hiyo hata salamu hakunipa. “Wewe, umeandika nini tena? Mtaa mzima wanao huo waraka wako kwenye simu zao, mie nimefungiwa ndani kwa aibu!”

Nilikuwa sijaandika chochote kwa wiki tatu. Nikamwomba aniletee hicho kiungo. Nilipokifungua nikajiona. Picha ni yangu, jina ni langu na la baba na la babu, nembo ya tovuti ni hii hii unayoisoma. Ila ukitazama anwani kwa makini, herufi moja imezidi. Na chini ya jina langu yameandikwa matusi juu ya ndugu zetu wa Pemba, nikiwataka ati watu wa Unguja wasiwauzie viwanja. Mimi, ambaye mama yangu kazaliwa Wete!

Haikuishia hapo. Siku mbili baadaye mdogo wangu, anayeuza vikava vya simu Darajani, aliitwa na kuulizwa ninaishi wapi, na nani, na nani ananilipa. Kijana hajawahi kuandika hata barua ya posa. Walimwachia jioni, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo akinipigia simu huzungumza kama mtu aliye msibani.

Tuliiandikia kampuni iliyoihifadhi tovuti ile. Baada ya siku 19 ukurasa ukaondolewa. Lakini watu wameshaupiga picha, na mpaka leo yupo anayeamini kuwa ni maneno yangu nimeyakana baada ya kubanwa.

Nakiri kwamba katika hasira zangu nilisema: laiti ingekuwepo sheria, kila anayeandika kwenye mtandao aandike kwa jina lake la kweli, na picha yake, na nambari ya kitambulisho chake! Baadaye hasira zilipopoa nikajiona nimekaribia kusema maneno yale yale ya waliotufukuza. Ndiyo maana nimeshika kalamu leo. Tumechanganya mambo mawili ambayo si ndugu. Kuna mtu anayeficha jina lake, na kuna mtu anayeiba jina la mwenzake. Wa kwanza anajikinga. Wa pili anadhulumu. Na nchi yetu imekuwa ikimwinda wa kwanza.

Kuficha jina hakukuja na intaneti. Wazee wetu waliosoma Al-Falaq, Mwongozi na Afrika Kwetu kabla ya mwaka 1964 wanakumbuka barua na makala zilizotiwa lakabu chini yake. Mtu alikuwa mtumishi wa serikali au mwalimu wa skuli, akitaka kusema neno juu ya bwana wake bila ya kukosa mkate. Mhariri alimjua ni nani. Msomaji hakumjua, lakini alimjua mhariri, na ukitaka kushitaki ulijua mlango wa kwenda kuugonga. Shikilia hapo, msomaji, nitarudi.

Na yule aliyeandika kwa jina lake, alilipwa nini? Marehemu Ali Nabwa alikuwa mhariri wa gazeti la Dira pale Zanzibar. Hakujificha nyuma ya lakabu. Novemba 2003 gazeti likafungiwa, na yeye akaambiwa kwamba si raia wa nchi ambayo aliifanyia kazi maisha yake. Vijana waliokuwa wakianza kazi ya uandishi miaka ile, nami nikiwa mmoja wao, tulijifunza somo bila ya kufundishwa. Baada ya hapo utamlaumu nani akijiita “Mtoto wa Ng’ambo”?

Somo hilo likarudiwa Bara. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mmoja wa waasisi wa JamiiForums. Kosa lake? Polisi walitaka majina ya watu walioandika humo kwa lakabu, naye akakataa kuyatoa. Alishitakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa kuzuia upelelezi. Shitaka jengine likawa ni kuendesha tovuti ambayo anwani yake haikusajiliwa kwa herufi za Tanzania, yaani .tz. Aprili 2020 mahakama katika kesi mojawapo ilimtia hatiani na kumtoza faini ya shilingi milioni 3. Katikati yake, mwaka 2018, zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, ambazo zilimtaka hata mwenye kijiukurasa chake alipe ada za zaidi ya shilingi milioni 2 ili apewe leseni ya kusema. JamiiForums yenyewe ililazimika kusimamisha huduma kwa muda Juni mwaka huo.

Tulielezwa kuwa haya yote ni kwa ajili ya kupambana na uzushi. Haya, tuutazame huo uzushi.

Mwaka 2021 Rais John Magufuli hakuonekana hadharani tangu Februari 27. Akaunti zisizo na jina, na maarufu kuliko zote ni ile ya Kigogo, zikasema Rais anaumwa sana. Machi 12 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Njombe, akawaambia wananchi kuwa Rais yupo, mzima, na anachapa kazi. Watu kadhaa wakakamatwa kwa kuandika kuwa anaumwa. Usiku wa Machi 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatokea kwenye televisheni kutangaza kuwa Rais amefariki Dar es Salaam, katika Hospitali ya Mzena, kwa maradhi ya moyo.

Sasa pima mwenyewe. Waliosema kwa majina, vyeo na bendera nyuma yao walituambia yu mzima. Waliokuwa hawana majina walisema ni mgonjwa. Nisije nikaonekana nawapamba, maana hao wasio na majina walisema mengi, mara yuko Nairobi, mara kapelekwa India, na taarifa rasmi ikaja kusema vyengine. Nalolisema ni kwamba jina kubwa si dhamana ya ukweli, na kukosa jina si dalili ya uongo. Mwenye kutaka kujua ukweli hana budi kutafuta kipimo chengine.

Tuje kwa wezi wa majina. Hawa ndio hatari, na wanafanya kazi yao mchana kweupe.

Kenya, mwaka 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti, zilisambazwa video mbili kwenye simu za watu. Moja ilikuwa na nembo ya BBC, ya pili na nembo ya CNN, zote zikieleza matokeo ya kura za maoni. BBC ikajitokeza kusema kuwa ile si yake, ni ya kughushi. Mwenye kuitengeneza hakutaka kujificha tu. Angetaka kujificha angeisambaza bila ya jina lolote. Alihitaji jina ambalo watu wameliamini kwa miaka, tangu enzi za redio za mkulima na za mabaharia, alikodi imani hiyo bila ya kulipa kodi.

Kisha tazama tulivyofanyiwa sisi Watanzania. Desemba 2021 kampuni ya Twitter ilitangaza kuwa imefuta akaunti 268 zilizokuwa zikitumika kupeleka malalamiko ya uongo dhidi ya wanachama na wafuasi wa kundi la FichuaTanzania na mwanzilishi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza namna mchezo wenyewe ulivyochezwa, na naomba ndugu msomaji usome polepole kwa sababu una ufundi. Mtu anachukua maneno aliyoyaandika mwanaharakati kwenye Twitter. Anafungua tovuti yake mwenyewe, anayabandika humo maneno yale yale. Anairudisha nyuma tarehe, ili ionekane tovuti imetangulia. Kisha, kwa jina la mtu asiyekuwepo, anapeleka mashitaka kwa Twitter kwamba mwanaharakati ameiba kazi yake! Twitter inaona tarehe, inaona malalamiko, inamfungia mwanaharakati. Mwizi kampeleka mwenye mali polisi, na polisi kamfunga mwenye mali.

Wale waliokuwa wakiziandika akaunti zilizoshambuliwa wengi wao walificha majina yao. Waliozishambulia nao walitumia majina ya bandia. Kwa nje wanafanana. Lakini mmoja alivaa barakoa asipigwe, na mwengine alivaa barakoa apige. Atakayekwambia kuwa hawa ni sawa, muulize anamtetea nani.

Na usidhani kuwa alama ya “akaunti rasmi” itakuokoa. Mei 2025 akaunti rasmi ya Jeshi la Polisi la Tanzania kwenye mtandao wa X, zamani Twitter, iliingiliwa, na miongoni mwa uchafu uliowekwa humo ni uzushi kwamba Rais Samia amefariki. Jina lilikuwa ni la kweli kabisa. Aliyekuwa akisema ndani yake siye. Baada ya hapo huduma ya X ikafungwa nchini. Yaani aliyeibiwa jina ni polisi, walionyimwa mtandao ni wananchi.

Kuna mtu atasema: basi tusajili kila mtu, wezi wataonekana. Tulishasajili! Januari 20, 2020 ndio ulikuwa mwisho wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Wazee walikesha kwenye foleni za vitambulisho. Leo kila laini Tanzania ina mwenyewe anayejulikana kwa kidole chake. Je, zile meseji za “ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja” zimekwisha? Wengi wetu hapa Oman tuna jamaa aliyeliwa pesa na mtu aliyejifanya ni mtoto wake, au ni mganga, au ni kiongozi fulani anayetoa mikopo. Mwizi wa jina hasumbuliwi na usajili, kwa sababu laini anayoitumia imesajiliwa kwa kidole cha mwengine. Anayekamatwa na usajili ni yule mwalimu wa Micheweni aliyeandika kuwa skuli yake haina madawati.

Sheria ya mwaka 2015 inacho kifungu kinachokataza kujifanya mtu mwengine kwenye kompyuta. Kipo, kimeandikwa vizuri. Lakini kesi tulizozisikia sana sisi wananchi ni za kifungu cha 16, cha taarifa za uongo, chenye faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Yaani panga moja limeachwa kwenye ala likashika kutu, na jengine linanolewa kila siku.

Basi msomaji atajuaje tovuti ya kuiamini? Nitasema ninayoyajua, kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu.

Kwanza, isome anwani, usiisome nembo. Nembo inaigwa kwa dakika moja. Anwani ya tovuti hununuliwa kwa bei ya chakula cha mchana, na anayeuza haulizi kama jina ni lako. Atakachotazama ni kama hakuna aliyekutangulia. Kwa hivyo herufi moja ikizidi, au .com ikawa .net, hiyo ni nyumba nyengine yenye rangi ile ile.

Pili, kile kikufuli kidogo mbele ya anwani hakisemi kuwa mwenye tovuti ni mkweli. Kinasema tu kuwa mazungumzo baina ya simu yako na tovuti hiyo hayasikilizwi njiani. Unaweza ukazungumza kwa siri kabisa na mwizi. Vyeti vya kikufuli hicho siku hizi hutolewa bure, na matapeli wanavichukua kama watu wengine.

Tatu, tazama umri. Ipo rejista ya anwani za tovuti ambayo yeyote anaweza kuiuliza. Zamani ilikuwa ikikupa na jina la mwenyewe, lakini tangu Mei 2018, ilipoanza kutumika sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, majina mengi yamefichwa. Tarehe ya kusajiliwa lakini mara nyingi imebaki. Tovuti iliyotumia jina langu ilikuwa na umri wa siku tisa. Gazeti la siku tisa lenye nembo ya miaka mingi lina maelezo ya kukupa. Na ukitaka kujua kama tarehe ya makala imerudishwa nyuma, yako maktaba ya mtandao, kama ile ya Internet Archive ya Marekani, inayohifadhi sura za kurasa za zamani.

Nne, na hili ndilo kubwa, uliza: nikidhulumiwa na ukurasa huu, namwendea nani? Kuna jina la mhariri? Kuna nambari ya simu inayopokelewa? Walipokosea, walisahihisha hadharani, au waliifuta makala usiku tukaamka haipo?

Hapa ndipo naporudi kwa mhariri wa zamani aliyechapisha barua za lakabu. Mwandishi anaweza kujificha. Mchapishaji hawezi. Pakiwa na mtu mmoja anayesimama mlangoni na kusema “mimi namjua aliyeandika, na nikikosea nishikeni mimi”, lakabu inakuwa na mdhamini. Wazee wetu waliokuja huku Oman baada ya mwaka 1970 wanasimulia walivyoulizwa majina na makabila yao, na jina peke yake halikutosha. Alitafutwa mtu wa kusema “namjua, ni wetu”. Na wanavyuoni wetu kabla ya hapo hawakuipokea hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, bila ya kujua nani kapokea kwa nani, na mtu huyo mwendo wake ulikuwaje. Sura ya Hujurat inatutaka tuichunguze khabari kabla ya kumdhuru mtu kwa ujinga. Sisi umma huu, leo, tunapeleka mbele khabari kabla hatujamaliza hata kuisoma!

Nisije nikawanyooshea vidole wengine tu. Miaka iliyopita nilipokea imeili yenye jina la mtu ninayemheshimu, mwalimu wangu wa zamani, na ndani yake makala kali juu ya kiongozi mmoja wa chama. Nilifurahi, nikaichapisha. Sikumpigia simu. Ilikuwa Ijumaa, nina haraka. Jumapili mwalimu akanipigia mwenyewe, kwa sauti ya upole ambayo ilinichoma kuliko matusi: “Mwanangu, hayo siyo yangu.” Niliomba radhi ukurasani, lakini mzee alikuwa ameshapoteza usingizi wa siku mbili na pengine zaidi asivyonieleza. Kwa hivyo lilipokuja kunifika mimi la jina langu kuibiwa, nilijua ladha yake, kwa sababu niliwahi kumlisha mwengine.

Sisi tulio nje tuna dhambi zetu. Tuko salama, hapana wa kutugongea mlango usiku wa manane, na juu ya hayo tunaendesha kurasa ambazo hazina mhariri wala mji. Tunanyofoa makala za wenzetu na kuondoa majina yao. Tunabandika “kutoka kwa mtu wetu wa ndani” wakati mtu wetu wa ndani ni uvumi wa kwenye barza. Halafu yanapokuja kuwafika walio nyumbani tunasema serikali dhalimu. Serikali ni dhalimu, lakini kuni tumepeleka sisi.

Kwa hiyo nimekubaliana na wenzangu wa ukurasa huu juu ya mambo matatu. Anayetuandikia kwa lakabu ataendelea kufanya hivyo, na jina lake tutakwenda nalo kaburini. Lakini lazima mmoja wetu awe amezungumza naye kwa sauti, si kwa imeili. Pili, jina la mhariri wa zamu na njia ya kumpata litawekwa chini ya ukurasa, kwa kuwa mhariri yuko nje na anaweza kubeba. Tatu, kosa likitokea litasahihishwa pale pale lilipotokea, na masahihisho hayatafutwa. Hayo hayatuzuii kuibiwa jina. Lakini ukiona kitu cha ajabu kinasema kimetoka kwetu, utajua mlango wa kugonga kabla hujampelekea jirani.

Na kwa walioko madarakani nyumbani, neno langu ni fupi. Mnapotaka majina ya wanaojificha, hamtakomesha uongo, mtaongeza woga. Mkitaka watu waandike kwa majina yao, wafanyieni wema wanaoandika kwa majina yao.

Washairi wetu wa zamani walikuwa na ada nzuri. Mwana Kupona alipomaliza utenzi wake kwa ajili ya binti yake, alitaja idadi ya beti zake, na mwezi, na mwaka wa Hijra 1275, ili atakayezidisha au atakayepunguza ajulikane. Mwanamke yule wa kisiwa cha Pate, akiwa mgonjwa kitandani, aliifunga kazi yake kwa kufuli ambalo sisi na kompyuta zetu tumeshindwa kulitengeneza.

Nilimpigia simu dada yangu jana usiku. Nilimwambia: ukiona tena kitu chenye jina langu, kabla hujalia, nipigie. Akasema: “Na wale majirani mia mbili, nao wakupigie?” Sikuwa na jibu. Pengine wewe msomaji utakuwa mmoja wa hao majirani siku moja. Jina utakaloliona si lazima liwe langu. Litakuwa la mwalimu wako, la binamu yako, la mtu unayemchukia. Kabla hujapeleka mbele, uliza.

Wabillahi tawfiq.